Mate ya Mwenye Damu

Fundi Kola alikuwa amevua viatu tena. Alivisukuma chini ya cherehani, akakanyaga sakafu ya saruji apate ubaridi, ubaridi nao ukamchoma, akavitafuta kwa vidole vya miguu bila kuinama. Tangu afungue kibanda asubuhi hiyo alikuwa ameketi, amesimama, amefagia palipofagiwa na kutia mafuta cherehani iliyokwisha kutiwa. Hakuwa amekata hata inchi moja ya kitambaa kilichomtoa kitandani mapema. Kitambaa chenyewe kilikuwa mezani, kimeviringishwa ndani ya shuka safi: satini nyeupe, nzito, ya gauni la harusi la binti yake.

"Haing'ati hiyo," akasema Fundi Zipu bila kuinua kichwa. Walikuwa wamepanga kibanda hicho pamoja miaka mingi, yeye na huyu mwanamke, kila mmoja na cherehani yake, na haijapata kutokea siku mdomo wa Fundi Zipu ukachoka kabla ya mikono yake. "Unaizunguka kama mtu anayemkwepa mwenye nyumba."

"Nafikiria mkato."

"Mkato ulianza kuufikiria kabla mchumba hajajulikana. Kata, bwana, mtoto asije akaolewa na shuka."

Akacheka utani wake mwenyewe, na katika kucheka sindano ikamdunga. Tone la damu likaangukia sketi ya mteja. Hakushtuka. Alikata kipande cha uzi mweupe, akakitafuna mpaka kikawa kidonge kilicholowa, akakigongagonga juu ya doa, na doa likatoweka. Mafundi wote wanaijua dawa hiyo: damu iliyoangukia kitambaa hutolewa na mate ya mwenye damu, kwa sababu maji huacha duara na sabuni huacha ukungu. Fundi Zipu aliamini zaidi ya hapo. Aliamini kwamba mate ya mtu mwingine huligandisha doa lisitoke maisha, na alikuwa na visa vya kuthibitisha, kila kisa na jina la bibi harusi aliyeaibika.

Fundi Kola alimtazama akitafuna uzi, akameza mate ambayo hayakuwepo, akafungua chupa yake ya maji.

Ugonjwa wake ulikuwa kwenye utumbo mpana. Walimpasua, wakautoa, wakamshona. "Mshono si mbaya," aliwaambia waliokuja kumwona, "ila yule daktari anavuta uzi sana." Baadaye wakampa vidonge vya kumalizia mizizi. Vidonge vilifanya kazi yao, na viliposhindwa kupata ugonjwa wa kula, vikala viganja na nyayo. Sasa saratani haionekani kwenye vipimo na vidonge vimekwisha zamani, lakini ngozi haijapata habari kwamba vita vimekwisha. Viganja vilikuwa vyeusi kuliko mwili mzima. Ncha za vidole zilibambuka magamba makavu kama maganda ya kitunguu. Simu yake mwenyewe, iliyozoea kufunguka kwa kidole gumba, ilimkana. Chini ya magamba palikuwa na ganzi, na ndani ya ganzi palikuwa na moto, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu akaelewa. Mdomo nao ulikauka na haukurudi.

Muuguzi wa kliniki, dada mpole, alimwambia la kufanya: apake mafuta mazito kila mara, asisugue, asikwangue, ajiepushe na joto, aipe ngozi muda. Yalikuwa maneno mazuri kwa mtu asiyeshika satini nyeupe. Mafuta yakigusa satini, doa lake haliondoki. Na bila mafuta, yale magamba huvuta nyuzi, kitambaa kinatoka vinyweleo kama kimepitiwa na kucha za kuku. Akipaka anaharibu, asipopaka anaharibu. Mtu wa ofisini angeita hali hiyo usumbufu, lakini fundi cherehani anaishi kwa viganja na nyayo, mkono unaongoza na mguu unakanyaga, na hivyo ndivyo vidonge vilivyochagua.

Ubaya ni kwamba hakuwa na wa kumlalamikia. Siku daktari aliposema "umepona", mtaa mzima ulilichukua neno hilo ukalifurahia, ukarudi kwenye shughuli zake. Anayelalamika baada ya kupona anaonekana hana shukrani. Basi akiulizwa "Mzima, Fundi?" alijibu "Mzima kama chuma," na kukunja ngumi mfukoni.

Kabla ya adhuhuri alikuja mwalimu mmoja, mteja wa siku nyingi, kuchukua suruali zake mbili. Zamani angezipokea, angezinusa, angempiga Fundi begani. Leo alifungua mdomo wa mfuko wa plastiki akausogeza mbele.

"Tumbukiza tu humo, Fundi, usijisumbue."

Fundi Kola akatumbukiza. Mwalimu akatazama pembeni, kisha akarudi kutazama mikono, maana macho hayana adabu.

"Na hiyo... nauliza tu, usinielewe vibaya. Haiambukizi?"

"Inaambukiza," akadakia Fundi Zipu. "Mimi imeniambukiza uchapakazi. Wewe hujaipata bado?"

Mwalimu akacheka kicheko kifupi, akaaga, akaondoka akiubeba mfuko kwa ncha za vidole. Fundi Kola alisimama, akakunja shuka lililokuwa limekunjwa, akaketi, akasimama tena. Siku hiyo satini haikukatwa.

Nyumbani, kabla chakula hakijaiva, mkewe alimweka kwenye kigoda, akachukua mguu wake mmoja mapajani na kopo la mafuta mkononi. Mkewe alikuwa mlezi katika shule ya chekechea, mtu aliyezoea kuwashika wasiotaka kushikwa.

"Tulia."

"Nimetulia."

"Umetulia kama maji yanayochemka. Lete na mkono."

"Mkono acha. Kesho nakata."

"Jana ulisema kesho. Juzi ulisema kesho. Hiyo kesho yako ina miguu mingi kama tandu." Hata hivyo hakumlazimisha. Alipaka nyayo, polepole, akipita pale penye nyufa kwa kidole cha mwisho ambacho hakina nguvu, na Fundi Kola aliuma meno akatazama dari. Alimpenda mke huyu kwa mambo mengi, na jinsi alivyotumia kidole cha mwisho lilikuwa mojawapo.

Binti yao akaingia kutoka kazini. Alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi, na nywele zake zilikuwa na vumbi la saruji.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Kifungo. Leo wamekuchelewesha."

Kifungo lilikuwa jina la utani, na aliyempa ni yeye. Alimpata msichana huyu pamoja na mama yake, akiwa mdogo wa kuweza kujificha chini ya meza ya cherehani, na kazi yake huko chini ilikuwa kuokota vifungo vilivyoanguka na kuvipanga kwa rangi. Watu walimwonya fundi asimwite mtoto kwa jina linalofanana na la jela. Yeye akasema basi afungwe huyo huyo atakayemwonea, na jina likabaki. Aliyemzaa alisema anasafiri wiki mbili, akasafiri mpaka mtoto akamaliza shule. Ndani ya nyumba hiyo aliitwa Bwana Safari, na aliitwa mara chache. Lakini habari za harusi hufika mbali, na Bwana Safari alikuwa amerudi, amenawiri, ana gari na ana simu.

Kifungo aliketi, akaizungusha simu yake kwenye goti. "Amepiga tena," akasema.

Hakuna aliyeuliza nani.

"Anasema ameona gauni kwenye duka la maharusi. Lipo tayari, saizi yangu. Wenye duka watamwekea mpaka keshokutwa mchana, halafu wanalitoa kwa mwingine. Anataka jibu."

"Mwambie safari njema," akasema mama yake.

"Mama!"

"Mama nini? Miaka yote hajui unavaa kiatu namba ngapi, leo anajua gauni linalokuenea?"

"Sijasema nalitaka." Kifungo akamgeukia baba yake, na sauti yake ikashuka. "Baba, nakuona. Unakunja ngumi hata ukicheka. Mimi sitaki unishonee huku unaumia. Mtu anaweza kuolewa na gauni la dukani na ndoa ikadumu."

"Nani kakwambia naumia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi. Mimi nilisema nitakushonea, na nilisema wakati ungali huna meno ya mbele. Kesho nakata. Uje keshokutwa saa ya chakula, wewe na mama yako, ulijaribu."

Ilisikika vizuri, sauti ya mwanaume mwenye nyumba yake. Kisha simu ikaita, Kifungo akatoka nayo ukumbini, na ukuta ulikuwa mwembamba. "Ndiyo, baba," alisikika akisema. "Sawa, baba. Nitakujulisha, baba."

Heshima ya kawaida hiyo. Hata mchukuzi wa maji huitwa baba. Fundi Kola alilijua hilo vizuri, na kulijua hakukumsaidia kitu. Alitoa mguu mapajani mwa mkewe akasimama, mafuta yakabaki sakafuni kwa umbo la nyayo zake, akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena. Alikuwa na wivu, wivu wa kitoto kabisa, na aliuonea aibu.

Siku iliyofuata alikata. Aliingia kibandani na glovu nyeupe za pamba, zile alizopewa kliniki azivae baada ya kupaka mafuta, akafungua shuka. Satini ikamiminika mezani kama maziwa. Mkasi ulikuwa mtiifu, maana mkasi hauhitaji ncha ya kidole, na kufikia saa sita vipande vyote vilikuwa vimelala kwa mpangilio: kifua, mgongo, mikono, sketi yenye mikunjo. Fundi Zipu alipita akavitazama, akapiga mluzi.

"Ndiyo maana tunakuvumilia," akasema.

Kushona ndiko kulikomshinda. Ndani ya glovu hakuhisi kitambaa kinakwenda wapi. Alikanyaga, cherehani ikaimba, naye akafurahi, akakanyaga tena, na alipotaka kuinua mkono haukuinuka. Alikuwa ameishona glovu kwenye mkono wa gauni, mshono wa kwanza mpaka wa mwisho, mistari imenyooka kabisa.

Fundi Zipu alicheka mpaka akashika meza. "Subiri! Usifumue! Tunampelekea bibi harusi hivyo hivyo, ana mkono wa akiba!"

Fundi Kola naye akacheka. Angefanya nini? Alifumua jioni nzima kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na aliporudisha ile glovu mfukoni ilikuwa bado na uzi mweupe ukining'inia.

"Niachie mimi," akasema Fundi Zipu wakati wa kufunga, na safari hii hakuwa akitania. "Wewe ukae hapo useme, mimi nishone. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Umekuwa mgumu kama kola zako."

"Kola zangu hazijawahi kulegea," akasema, akafunga mlango. Njia nzima alitembea kwa kukanyagia ubavu wa mguu, akihesabu watu ambao wangeshona gauni hilo vizuri kuliko yeye. Zamani hawakuwepo.

Asubuhi ya siku ya jibu alifika kibandani mapema kuliko wote. Hakuvaa glovu wala hakupaka mafuta. Alikaa mbele ya cherehani akavitazama vidole vyake, akapitisha kimoja juu ya kipande cha satini kilichobaki kwenye mkato. Kilikwama. Akatazama nyuzi zilizotoka, na akafikiri kama fundi.

Sindano ikipata ncha mbovu, inavuta kitambaa vivyo hivyo. Haitupwi. Fundi huisugua taratibu kwa msasa laini, ule wenye chembe ndogo kama unga, mpaka inapita bila kelele. Msasa huo ulikuwa kwenye mtoto wa meza, pamoja na sindano. Mtu mwingine asingeliwaza jambo kama hilo, lakini yeye maisha yake yote kila kilichokwaruza alikisugua. Muuguzi alisema asisugue. Muuguzi alikuwa anazungumzia ngozi, naye Fundi Kola wakati huo alikuwa anatazama kifaa cha kazi kilichoharibika.

Alisugua kidole gumba kwanza, kisha cha shahada, kisha cha kati, mkono wa kulia na wa kushoto. Magamba yalianguka kama unga mweupe kwenye paja la suruali. Hakusikia maumivu, na hilo lilimfurahisha, ingawa lilipaswa kumtisha. Alipuliza vidole, akavifuta, akapitisha kimoja juu ya satini. Kikateleza. Akapitisha tena. Kikateleza mpaka mwisho.

"Ah," akasema peke yake.

Akashona. Fundi Zipu alipofika alimkuta ameinama, viatu vimevuliwa, miguu inakanyaga, na kitambaa kinapita chini ya sindano kama kinakwenda mahali kinapopajua. Hakumsemesha. Kwa mara ya kwanza tangu kutoka hospitali Fundi Kola hakuwa akijikuna, hakuwa akisimama, hakuwa akitafuta chupa ya maji. Alishona mgongo, akashona kifua, akaunganisha mabega, akazungusha shingo, shingo ile yenye kola ndogo iliyosimama ambayo hakuna duka lolote lingeweza kuikata. Aliona harusi nzima mbele yake. Aliona Bwana Safari amekaa mstari wa mbele akitazama mgongo wa gauni, asijue anatazama nini.

Akainua kifua cha gauni kwenye mwanga aone mshono, akaona wekundu.

Doa moja lilikuwa kubwa kama punje ya dengu, karibu na moyo, na pembeni yake palikuwa na mstari mwembamba ambapo kidole kilipita. Akageuza mkono. Ngozi ya kidole cha shahada ilikuwa imefunguka kama mdomo, inatoa damu taratibu, na hakuwa amehisi lolote. Ganzi iliyomwacha afanye kazi ndiyo iliyomficha jeraha.

"Zipu," akasema. "Zipu, njoo."

Fundi Zipu alikuja, akaona damu, kisha akaona msasa. Alimfunga kidole kwa kitambaa, akakata uzi mweupe, akampa.

"Tafuna. Haraka, bado ni mbichi."

Akatafuna. Uzi ulizunguka mdomoni mwake mkavu kama ulivyoingia. Alivuta mashavu, akasukuma ulimi, akafumba macho. Alipoutoa, ulikuwa uzi tu. Akanywa maji, maji si mate, maji yangeacha duara. Akajaribu tena.

Hapo ndipo mkewe na Kifungo walipoingia, wamebeba viatu vya harusi kwenye boksi ili wapime urefu wa gauni. Walikuta watu wazima wawili wameinamia nguo, mmoja anatafuna uzi na machozi yanamlenga.

"Kuna nini?" akauliza mkewe.

Fundi Zipu akaeleza kwa sentensi tatu, rekodi kwake. Mkewe akaushika mkono wa mumewe, akafungua kitambaa, akaona vidole vyote sita. Uso wake ukabadilika.

"Umejisugua na msasa," akasema. "Mume wangu. Na msasa, kama mlango."

"Nigombeze baadaye. Sina mate."

"Mpe ndimu," akasema Fundi Zipu, akatoa yake ya chai kwenye kikapu, akaikata kwa mkasi wa kitambaa, dhambi ambayo siku nyingine isingesamehewa. Fundi Kola akaing'ata. Ilimchoma midomo, ilimchoma fizi, ikamtoa machozi yenyewe, lakini mdomo haukulowa. Wanawake watatu walisimama wakiutazama mdomo wake.

"Mkinitazama hivyo ndiyo yanakimbia kabisa," akasema.

"Fikiria kitu kichachu," akasema mkewe.

"Nimeshika ndimu, mke wangu. Nifikirie nini tena?"

Doa lilikuwa linaanza kuiva pembezoni, likigeuka hudhurungi. Fundi Kola aliweka ndimu chini. Alisimama, akaketi, akasimama, kisha mwili ukaishiwa pa kwenda, akabaki ameegemea meza na mikono yake imefunguka mbele ya watu wote, myeusi, imebambuka, inatoa damu.

"Kifungo," akasema. "Mpigie simu. Mwambie alilipie lile gauni. Muda bado upo."

"Baba..."

"Mpigie, mwanangu. Mimi nimepona, lakini mikono haijapona. Nilikuwa nimekudanganya, na nimejidanganya. Usiingie kwenye harusi yako na damu kifuani kwa sababu ya kiburi cha mzee."

Kifungo alitazama gauni, akatazama kola ile ndogo iliyosimama, akagusa mshono wa bega kwa mgongo wa kidole. Kisha akavuta uzi mweupe kwenye kijiti, akaukata kwa meno, akautia mdomoni.

"Wewe! Usithubutu!" Fundi Zipu akaruka. "Lazima yawe ya mwenye damu! Ya mtu mwingine yanaligandisha, halitoki maisha!"

"Mtu mwingine yupi?" akauliza Kifungo, akaendelea kutafuna.

Hapo simu yake ikaanza kuita juu ya meza. Wote walijua ni nani. Kifungo aliitupia jicho, akaelekeza kidole mdomoni kwake kuonyesha kwamba umejaa, akainamia kifua cha gauni. Simu ikaita mpaka ikachoka. Aligongagonga doa kwa ule uzi uliolowa, akageuza upande safi, akaurudisha mdomoni, akagongagonga tena, kama alivyowaona mafundi wakifanya tangu alipokuwa chini ya meza. Doa likawa la waridi. Likawa la manjano hafifu. Mama yake alikuwa ameshika boksi la viatu kifuani kwa mikono miwili. Kifungo akatafuna uzi wa pili, akaufuata ule mstari mwembamba mpaka mwisho wake, kisha akainua nguo mlangoni kwenye mwanga.

Fundi Kola aliitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kufumua kazi za watu wengi kwa makosa madogo kuliko hayo. Alitafuta doa. Hakuliona.

Fundi Zipu akatafuta pia, akageuza nguo ndani nje, akakaa chini. "Basi visa vyangu vyote umeviua," akasema.

"Nipe kopo langu," akasema Fundi Kola kumwambia mkewe.

Mkewe alikuwa nalo mkobani. Lilikuwa humo kila siku na kila siku alilirudisha nyumbani halijafunguliwa. Alimpaka mafuta hapo hapo kibandani, mlango wazi, wapita njia wakitazama, viganja vyote na kila kidole, akipita kwa kidole cha mwisho pale palipofunguka. Kisha Fundi Kola alisimama nyuma ya cherehani yake mikono ameiinua juu, isiguse kitu, na Fundi Zipu akanawa mikono, akakaa kwenye kiti cha mwenzake.

"Anzia ubavuni," Fundi Kola akamwambia. "Taratibu. Mkunjo usizidi nusu inchi. Ukikosea nitakufumulisha."

"Kwa mikono ipi?"

"Kwa mdomo. Umesahau mdomo bado ninao?"

Simu ikaita tena. Safari hii mdomo wa Kifungo ulikuwa mtupu, akaipokea, akageuka kidogo lakini hakutoka nje.

"Nisamehe, mzee, nilikuwa na uzi mdomoni," akasema. "Hapana, usilipie. Waambie wampe mwingine. Langu lipo kwa baba, ndiyo analimalizia."

Fundi Kola alikuwa na mafuta mikono yote miwili, hakuweza kujifuta macho. Mkewe akaingiza mkono mfukoni mwa mumewe, akatoa ile glovu yenye uzi unaoning'inia, akamfuta nayo.